Shajara ya mradi: kuvuna umeme kwenye dohani ya tanuri la mikate, Tanga

8 Februari 2025: Kupima kabla ya kununua

Shemeji yangu ana tanuri la mikate Ngamiani, la matofali, la kuni. Linawashwa saa tano usiku, na boflo za mwisho hutoka watu wakirudi kutoka sala ya alfajiri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu hukanda unga kwa kurunzi za simu, na hakosi trei moja ya kuungua kwa sababu aliyeishika simu alikuwa upande wa pili. Ombi lake ni dogo: taa tatu na mahali pa kuchajia simu, bila jenereta ya kuwaamsha majirani.

Mimi ni fundi friji. Kazi yangu ni kutoa joto mahali na kulitupa pengine, kwa hiyo kila nikisimama chini ya ile dohani roho inaniuma.

Mke wangu aliniuliza mapema, "Kwa nini msifunge sola?" Paa lote limefunikwa na mwembe wa jirani, na mwembe huo una mwenyewe na una maembe. Hiyo ndiyo sababu ninayompa kila anayeuliza. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka kuona kama inawezekana.

Nimenunua kipimajoto chenye waya mbili za kihisio (25,000) na kupima usiku mbili mfululizo. Nusu mita juu ya paa la tanuri bati la dohani hufika nyuzi 165 moto ukipamba. Mita moja juu ni 128, mita mbili ni 96. Ukuta wa nje wa kuba la tanuri, kule juu ya matofali, unakaa kwenye 90 hadi 95 usiku kucha, hata saa tatu baada ya moto kuzimwa. Namba hiyo ya mwisho niliizungushia duara kwenye daftari. Baadaye ilinigharimu wiki mbili.

22 Februari: Vigae vinne na feni

Kifaa ninachotumia ni kile kinachokuwa ndani ya majagi ya kupoozea maji na vijifriji vya gari, TEC1-12706. Ni kipande cheupe cha kauri, sentimita nne kwa nne, mimi nakiita kigae. Ndani kuna jozi 127 za nusu-kipitishi (semikondakta) zilizounganishwa mfululizo. Ukikipa umeme, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, jambo lililoelezwa na Peltier mwaka 1834. Ukikifanyia kinyume, yaani upande mmoja moto na mwingine baridi, kinatoa umeme, na hilo lilikuwa limeshaonekana na Seebeck mwaka 1821. Kigae ni kilekile.

Nilichukua vinne kwa 9,000 kila kimoja, nikavibana kwenye bamba la alumini lililofungwa kwenye dohani kwa usawa wa mita moja, na juu yake nikaweka mapezi ya kupoozea yaliyotoka kwenye amplifaya mbovu ya harusi. Vigae vyote mfululizo.

Dakika za mwanzo mita ilipanda vizuri, nikaanza kutabasamu. Baada ya dakika ishirini mapezi yenyewe yalikuwa yamefika nyuzi 94, na bamba la upande wa moto lilikuwa 118. Tofauti ni 24 tu. Volti 4.1 bila mzigo, yaani bila kitu kinachotumia umeme huo. Nikiweka mzigo unaolingana na ukinzani wa vigae, napata karibu nusu wati. Nusu wati haiwashi hata taa ya nje ya choo.

Nikaongeza feni ya volti 12. Mapezi yakashuka hadi 62, volti zikapanda hadi 8.8, na umeme ukafika wati 2.1. Feni yenyewe inakula wati 1.4. Shemeji aliangalia hesabu kwenye daftari akaniambia, "Kwa hiyo shemeji, tumejenga mtambo wa kuendeshea feni." Sikuwa na jibu.

Atakayeiga aanzie hapa: kigae hakijali upande wa moto una nyuzi ngapi. Kinajali tofauti. Moto tunao wa kumwaga. Tusicho nacho ni baridi, na Tanga mwezi wa pili hewa ya saa sita usiku bado ina nyuzi 28.

1 Machi: Vifuu

Vigae vyote vinne vimekufa. Usiku wa tatu volti zilianza kurukaruka, kisha sufuri.

Nilipofungua nikakuta vijitone vya lehemu vimetoka pembeni mwa kauri kama jasho. Lehemu ya vigae hivi vya bei nafuu ni ya bati na bismathi, na inayeyuka kwenye nyuzi 138. Mimi nilikuwa nimepima 128 nikajiona nina akiba ya kumi. Ambacho sikukipima ni tabia ya kijana wa kuni. Moto ukilegea yeye hutupia kikapu cha vifuu vya nazi, na vifuu vinawaka kwa hasira kwa dakika kumi. Nilimwomba atupie makusudi nikiwa nimeshika kipimajoto: bamba lilipanda kutoka 121 hadi 174.

Hasara 36,000. Sikumlaumu kijana. Tanuri ni la mikate, na mradi ndio uliokwenda kwao ugenini.

15 Machi: Kuba la tanuri, na kosa langu kubwa

Ramadhani imeanza, tanuri linawashwa mara mbili kwa siku, mchana kwa ajili ya futari na usiku kama kawaida. Nafasi nzuri ya kujaribu lile duara la kwenye daftari: ukuta wa kuba, nyuzi 95 tulivu, vifuu visivyoweza kuufikia.

Nikasawazisha matofali, nikapaka udongo mfinyanzi, nikalaza bamba la alumini na vigae viwili vya majaribio nilivyoazima kwenye jagi langu la kupoozea maji. Upande wa baridi nikaweka sufuria ya maji. Bamba kabla ya kuweka sufuria: 91. Dakika kumi baada ya kuweka: 58. Nusu saa: 47. Volti zikafifia pamoja nalo.

Niliamini mgusano ni mbaya. Nikabadilisha udongo, nikapaka grisi ya joto, nikakaza zaidi, nikarudia usiku nne. Kila mara hivyohivyo. Mwisho nikakaa chini na kalamu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupanda juu ya tanuri. Tofali ni kizuizi cha joto, ndiyo maana tanuri linajengwa kwa tofali. Kwa unene wa ukuta ule, mita moja nzima ya mraba inapitisha wati mia tano au sita hivi. Bamba langu lina ukubwa wa sahani. Sehemu yake halali ni wati kumi na kitu, wakati kigae kimoja chenye tofauti ya nyuzi 50 hupitisha peke yake wati 25 hivi za joto kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kipimajoto kiliniambia kisima kina maji. Hakikuniambia maji yanaingia kwa kasi gani. Ukichota ndoo mbili kimekauka. Mtu wa friji analijua hili, tunalipima kila siku kwenye makabati ya barafu, nami nimelisahau kwa sababu safari hii mshale ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Uamuzi: kurudi kwenye dohani, ambako moshi unatembea na kuleta joto jipya kila sekunde. Lakini lazima kitu fulani kizuie nyuzi zisipite 138, hata vifuu vikitupiwa gunia zima.

12 Aprili: Majaribio ya mezani

Idi imepita. Wiki hizi nimefanya kazi nyumbani, juu ya jiko la mkaa na ndoo ya barafu.

Jamaa kadhaa walinishauri niachane na vigae vya kupoozea ninunue "vya kuzalishia" hasa. Nikanunua viwili, 22,000 kila kimoja. Tangazo lilisema kwa tofauti ya nyuzi 60 vinatoa volti 2.4 na ampia 0.47, na msomaji yeyote atazidisha apate wati 1.1. Nimepima: namba zote mbili ni za kweli, ila hazitokei pamoja. Volti 2.4 ni waya zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Ampia 0.47 ni waya zikiwa zimegusanishwa. Mzigo halisi unakaa katikati, nusu ya volti na nusu ya ampia, kwa hiyo chukua ile wati 1.1 uigawe kwa nne. Karibu wati 0.3.

Kigae cha kawaida cha kupoozea, kwa tofauti hiyohiyo, kimenipa volti 2.7 wazi na ampia 1.1 zikigusanishwa. Nusu kwa nusu ni wati 0.74. Cha bei nafuu kimekishinda cha bei ghali zaidi ya mara mbili. Huenda vya aina nyingine ni bora, mimi nasema nilivyovipima mezani kwangu. Faida ya hivi vya kuzalishia ni kwamba vinavumilia joto kubwa zaidi. Basi kama nitaweza kulizuia joto lisizidi, sivihitaji.

Na jibu la kulizuia lilikuwa linachemka pale mezani. Maji kwenye chombo kilicho wazi hayapandi juu ya nyuzi 100, ukitupia vifuu, ukitupia mafuta ya taa, ukitupia nini. Yanachemka kwa fujo zaidi, mvuke unatoka, nyuzi zinabaki palepale. Wazee wetu waliokuwa na samawari walikuwa nayo mashine ninayoitafuta: bomba la moto linapita katikati, maji yamelizunguka.

3 Mei: Samawari la chuma

Fundi wa kuchomelea amenitengenezea sanduku la chuma la milimita tatu, dohani inapita katikati yake, kifuniko kina tundu la vidole viwili la mvuke. Nilimsisitizia tundu hilo mara tatu na nawasisitizia na ninyi: sanduku hili lisifungwe kabisa, kamwe. Likiwa wazi ni birika. Likifungwa ni bomu lililo juu ya vichwa vya watu wanaokanda unga. Ndani tumechomelea mapezi sita ya bati nene kwenye kipande cha dohani ili moshi na maji vikutane kwa eneo kubwa zaidi. Kazi na chuma 130,000. Lilivuja kwenye kona mbili, tukarudia, 15,000 nyingine, na mvua za masika zikaniloweshea kuni za majaribio.

Pande mbili za sanduku ni bapa. Kila upande una vigae sita, jumla 12, nimenunua 16 kwa 8,500 ili nibaki na vya akiba. Nilifanya vyema: vitatu vimevunjika siku ya kwanza.

Nilikuwa nimeweka bamba moja kubwa la alumini juu ya vigae sita na kulikaza kwa bolti nne za pembeni. Vigae havilingani unene. Nilivipima kwa kalipa na vinatofautiana hadi sehemu ya kumi ya milimita. Bamba likakaa juu ya vile vinene viwili, vingine vikawa vinaelea, hewa katikati. Nikaona volti ndogo, nikaongeza spana. Ukasikika mlio kama wa kuvunja biskuti.

Marekebisho, na haya ndiyo yaliyonipa umeme mwingi kuliko jambo jingine lolote nililolifanya:

Nimepanga vigae vitatu vitatu vyenye unene unaokaribiana, kila kikundi na kipoozeo chake kidogo cha maji, sentimita nne kwa kumi na mbili, 15,000 kimoja, vinne jumla. Nyuso zote za chuma nimezisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha mpaka zikawa bapa kweli. Grisi ya joto ni safu nyembamba inayoonyesha kauri kwa chini, si siagi ya kwenye mkate. Na bolti haikazi moja kwa moja: chini ya kila nati kuna springi ya klachi ya pikipiki. Ukikaza unahesabu springi imeshuka milimita ngapi, na chuma kikitanuka kwa moto springi inameza tofauti. Mafundi bodaboda wanakuuzia springi zilizotumika kwa bei ya soda.

Kabla: volti 15 wazi kwa vigae tisa vilivyobaki vizima, na vitatu kati ya hivyo havikuwa vinafanya chochote. Baada: volti 27 kwa 12, maji ya moto yakiwa 98 na ya baridi 33.

17 Mei: Pipa, mapovu na unga uliokimbia

Upande wa baridi ni pipa la lita 200 nje ya ukuta, limeinuliwa juu kidogo kuliko vipoozeo. Sina pampu. Maji yakipata joto ndani ya kipoozeo yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye mpira wa juu hadi pipani, na mazito ya baridi yanaingia kwa chini. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Usiku wa kwanza vipoozeo viwili vilifanya kazi na viwili vilichemka. Mpira wa kurudia ulikuwa na nundu mahali ulipovuka mbao ya paa, hewa ikanasa pale juu, maji yakagoma. Sheria niliyoandika ukutani kwa chaki: mpira wa kurudi upande juu daima, usishuke hata kidogo, mpaka uingie pipani chini ya uso wa maji. Nimehamisha mbao badala ya mpira.

Jambo la pili lilichukua wiki kujionyesha. Nilitumia kiungo cha shaba kati ya mipira kwa sababu nilikuwa nacho, vimenijaa kwenye karakana. Maji ya kisima cha pale yana chumvi kidogo. Alumini na shaba ndani ya maji ya chumvi ni betri inayojila yenyewe, na anayeliwa ni alumini. Vipoozeo vikatoa unga mweupe, kimoja kikaziba nusu. Nimevisafisha kwa siki, shaba nimeitoa, viungo vyote sasa ni plastiki, na pipa nimelijaza maji ya mvua. Masika imesaidia safari hii.

La tatu ni la mikate. Kufikia alfajiri maji ya pipa yanafika nyuzi 36. Shemeji akaona, kwa nini yapotee? Akaagiza yakandiwe unga. Mpishi wake, mzee mwenye miaka thelathini mbele ya tanuri, alikuwa amekwenda msibani Pangani, vijana wakatii. Hamira ikipewa maji ya vuguvugu namna ile katika chumba ambacho tayari ni moto haingoji mtu. Unga uliumuka ukavuka kingo za beseni ukaja kuwasalimia mlangoni, na mikate ya usiku ule ilikuwa michachu na yenye mashimo. Mzee aliporudi nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba bila kuniangalia. Siku ya pili akaniambia taratibu: "Mwanangu, Tanga hii unga tunautafutia maji ya baridi. Wewe unatuletea ya moto."

Sasa maji ya pipa yanaoshea trei zenye mafuta, na hapo hakuna anayelalamika. Wanachota ndoo tatu nne kila alfajiri, tunajaza mapya, pipa linaanza usiku likiwa na nyuzi 28. Bila kukusudia, wao wenyewe ndio wamekuwa upoozaji wangu.

14 Juni: Kidhibiti chaji kisichojua kazi hii

Nilinunua kidhibiti cha sola chenye kutafuta nguvu ya juu, 35,000. Betri ni ya volti 12, ampia-saa 18. Kidhibiti kikaonyesha wati 3.8 wakati mezani nilikuwa nimehesabu zaidi ya 6.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa. Paneli ya sola hutoa nguvu yake ya juu karibu na asilimia 80 ya volti zake za wazi, na vidhibiti vingi vya bei nafuu havitafuti kitu, vinapima volti za wazi na kukaa hapo kwenye asilimia 80 kwa mazoea. Kigae kilele chake kiko kwenye nusu kamili. Kwa volti 27, kidhibiti kilikuwa kinang'ang'ania 21 wakati mali iko 13.5.

Sasa tazama hiyo 13.5. Ni volti za betri inayochajiwa. Nikakitoa kidhibiti, nikaunganisha mfululizo wa vigae 12 moja kwa moja kwenye betri kupitia daiodi moja (inapitisha umeme upande mmoja tu) na fyuzi. Ampia 0.46. Wati 6 zinaingia. Betri yenyewe inashikilia volti mahali panapofaa, kwa bahati ya idadi ya vigae. Kwa wati sita na betri ya ukubwa huu haiwezi kujaa kupita kiasi kwa usiku mmoja, lakini wasiotumia taa zao kila siku waweke kikata-chaji.

Pia kila kigae sasa kina daiodi yake ya pembeni. Vikiwa mfululizo, kimoja kikifa vyote vinanyamaza. Kwa daiodi, mkondo unampita marehemu na kuendelea.

28 Juni: Kompresa kinyumenyume

Hii ni nje ya njia, ila nilikuwa nimejiahidi.

Joto linalopita kwenye vigae vyangu ni karibu wati 310, umeme unaotoka ni 6. Asilimia mbili. Kwa nyuzi 100 na 34 maumbile yenyewe yanaruhusu kiasi cha asilimia 18 na si zaidi, kwa mashine isiyo na kasoro yoyote. Mashine zinazosogea karibu zaidi na hapo ni zile za kuchemsha kimiminika chepesi na kukizungusha kwenye injini, kwa maneno mengine friji iliyogeuzwa. Katanga, Kongo, walikuwa na mtambo mdogo Kiabukwa mwaka 1952, kilowati 200 hivi kutoka maji ya chemchemi ya nyuzi 91. Na Chena, Alaska, tangu 2006 wanazalisha umeme kwa maji ya nyuzi 74 tu, kwa gesi ya friji ya R134a, mashine zenyewe zikiwa zimetokana na mitambo ya kupoozea. Fundi friji anaposoma hayo usingizi unaruka. Lakini soma na upande wa pili wa habari ya Chena: maji yao ya kupoozea yanakaribia barafu.

Kijana wangu wa karakana akauliza kwa nini basi tusiende kwenye maji ya salfa ya Amboni. Nikamwambia maji ambayo watu wanaoga humo bila kuungua hayatupi tofauti ya maana.

Nilichukua kompresa ya skroli ya kiyoyozi cha gari, chakavu, 80,000 za mfukoni mwangu. Nikatoa vali ya ulimi inayozuia gesi kurudi, nikaifunga kwenye mota ya sumaku ya mashine ya mazoezi, na kwa ruhusa ya mzibaji pancha nikaipuliza kwa hewa ya shinikizo la bar 7 kupitia tundu la kutolea. Ikazunguka! Taa ya breki ya wati 21 ikawaka mpaka watoto wakaja kushangilia. Tangi la hewa likaisha kabla ya dakika mbili.

Kisha nikafungua jedwali la gesi. R134a kwenye nyuzi 90 ni bar 32. Siweki chombo cha bar 32 nilichojichomelea mwenyewe juu ya vichwa vya watu. R600a ya friji mpya ina shinikizo dogo zaidi, ila inawaka, na pale kuna moto wa kuni. Juu ya hayo inahitajika pampu ya kurudisha kimiminika kwenye shinikizo kubwa, na kwa mtambo mdogo namna hii pampu inaweza kula sehemu nzuri ya kinachozalishwa. Lile feni la Februari lingerudi kwa sura nyingine. Skroli imekaa rafuni.

19 Julai: Ilipofikia

Kusi inavuma, hewa ya usiku imeshuka, na vigae vimenipa zawadi ya volti moja zaidi bila kuguswa. Kwa usiku wa saa sita tunaingiza wati-saa 36 hadi 40. Taa tatu za LED za wati 3 zinawaka saa tatu hadi nne pale umeme unapokatika, na simu mbili zinachajiwa. Hiyo ndiyo kazi iliyoombwa.

Gharama yote bila skroli ni 753,000. Kati ya hizo 145,000 ni ada ya shule: vigae vinne vilivyoyeyuka, mapezi na feni, vigae viwili vya kuzalishia, kidhibiti, na kuchomelea upya. Kubwa kuliko zote ni sanduku na vigae, ambavyo pamoja vinakaribia laki tatu, kisha betri 85,000, na pipa na mipira 70,000. Anayeiga sasa bila kupitia makosa yangu atatumia kama 608,000, yaani karibu laki moja kwa kila wati. Mwenye paa lenye jua anunue sola, asinitafute.

Matunzo: kujaza maji ya sanduku kila jioni, lita tisa hadi kumi zinaondoka na mvuke. Usiku mmoja wa Juni walisahau. Maji yalishuka chini ya safu ya juu ya vigae, na viwili vikatoka jasho lile la lehemu ninalolifahamu. Daiodi zilifanya kazi, taa haikuzimika, ni mimi niliyegundua kwenye mita. Nimevibadilisha kwa viwili nilivyotoa kwenye jagi langu, kwa maana kati ya vile vinne vya akiba vitatu vilikwenda siku ya spana na cha mwisho kiliniangukia sakafuni.

Kazi ya wiki ijayo ni kufunga boya la tangi la choo kwenye sanduku lijijaze lenyewe. Boya la plastiki litalainika kwenye maji ya kuchemka, kwa hiyo nitaliweka kwenye ndoo ya pembeni iliyounganishwa kwa chini. Mzee wa mikate ameangalia mchoro akauliza ile ndoo itakaa wapi. Nikamwonyesha. Akasema hapo ndipo anapotundika kanzu yake.